Panya Wawili wa Morogoro

Nilikwenda Morogoro kwa ajili ya panya, na kila niliyemwambia hivyo alidhani nasema wale wa mabomu. Kijana wa bajaji aliyenichukua stesheni ya treni ya umeme, kule Kihonda, hakungoja hata nimalize kutaja SUA. "Panya buku! Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwaona." Nikamwambia na hao nitawapitia, ila kilichonileta hasa ni panya shamba, huyu mdogo anayefukua mbegu za mahindi. Akanitazama kwenye kioo. "Huyo mbona hasafiriwi, mzee? Ungekaa kwako tu, angekufuata."

Hakusema uongo. Mtu aliyekulia Kilosa, kama mimi, humjua panya shamba kabla ya kujua kusoma. Tulikuwa tunapanda leo, baada ya siku chache tunarudi na kikapu cha mbegu kurudishia mashimo yaliyofukuliwa, na mwaka mbaya tunarudishia tena na tena hadi mbegu inakwisha na mvua inakwenda zake. Nilichokuwa sijui kwa miaka mingi ni kwamba mnyama huyu wa kwetu ni miongoni mwa panya waliochunguzwa kwa kina zaidi barani Afrika, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika mkoa huu huu wakati mama yangu anawalaani kwa Kikaguru.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kimekaa chini ya milima ya Uluguru. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha stashahada ya kilimo, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikasimama chenyewe. Jina lilitokana na msiba: Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka ule ule, eneo la Dakawa, si mbali na hapo. Leo wanafundisha kilimo, misitu, mifugo, wanyamapori na mengine mengi, na ukiingia getini unaona mara moja kwamba si chuo cha watu wa kukaa tu. Wanafunzi wanakwenda darasani na gambuti. Nyuma ya mabweni unasikia ng'ombe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, vuli imenyesha vizuri, masika yananukia. Nilikuwa nimeomba kufuatana na wanafunzi wa mwaka wa tatu katika mafunzo yao ya vitendo, na mhadhiri wao, ambaye wote wanamwita Dokta tu, alinijibu kwa sharti moja: niwepo shambani saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu jua likipanda, panya aliye ndani ya boksi la bati anakufa kwa joto. Nilifika wakiwa wamekwisha kuanza. Shamba lenyewe lilikuwa pori la majani marefu upande mmoja na mahindi yaliyopandwa juzi upande wa pili, na katikati yake vijiti vyenye vitambaa vyekundu vilivyopangwa kwa mistari. Kwenye kila kijiti palikuwa na mtego: boksi jembamba la alumini lenye mlango unaojifunga mnyama akikanyaga kibao cha ndani. Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi. Shamba zima lilinukia kama jiko la mtu anayepika mchicha wa karanga.

Mwanafunzi mmoja, binti wa Singida mwenye mikono isiyotetemeka, alinionyesha kazi inavyokwenda. Mtego uliofungwa unauinua na kuupima kwa mkono. Mzito kidogo, kuna mtu ndani. Unauvisha mfuko wa kitambaa, unaufungua, unakung'uta. Panya anaangukia mfukoni. Hapo unamtafuta kichwa kwa nje ya kitambaa, unamshika ngozi ya shingo, ndipo unamtoa. Alivaa glavu nene, na alinieleza kwa nini kabla sijauliza. Panya huyu huyu, Mastomys natalensis, ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa kule Afrika Magharibi. Huku kwetu Lassa haipo, lakini watafiti walimkuta na virusi vya ukoo huo huo, wakaviita kwa jina la Morogoro. Havijulikani kumdhuru binadamu. "Lakini glavu tunavaa, baba," akasema, "kwa sababu yeye anauma."

Akamgeuza. "Hesabu chuchu." Nilianza, nikapotea. Panya jike wa kawaida wa nyumbani ana kumi au kumi na mbili. Huyu anaweza kufika 24, mistari miwili kutoka kifuani hadi mapajani. Hilo ndilo linalomtambulisha, na ndilo linaloeleza shida yetu. Mimba yake ni siku 23 hivi, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja kwake ni jambo la kawaida. Alimning'iniza kwenye mizani ya klipu, akasoma gramu, akaita jinsia, akaita kama ana mimba, mwenzake akaandika. Halafu akatazama vidole. Panya huyu alikuwa amekwisha kuwekwa alama: ncha za vidole viwili zilikuwa zimekatwa, na kila mpangilio wa ncha zilizokatwa ni namba yake. Wapo wanafunzi wasioipenda njia hiyo na wanaisema waziwazi mbele ya Dokta, naye haoni vibaya. Anawaambia watafute njia nyingine inayokaa kwenye mwili wa mnyama mdogo hivi bila kupotea na isiyogharimu fedha ambazo idara haina. Ubishi wa namna hiyo, kwenye majani yenye umande, nauona ni somo kubwa kuliko mhadhara.

Baada ya namba, panya aliachiwa pale pale alipokamatwa. Nilijisikia vibaya, nakiri kwa damu ya mkulima. Unamshika adui mkononi, unampima uzito, kisha unamwambia nenda. Dokta aliona uso wangu. "Ukimuua umepata panya mmoja," alisema. "Ukimwachia, mwezi ujao anakuambia habari za wote."

Hapa ndipo penye utajiri wa jambo lenyewe. Tangu 1994 pamekuwa na kiwanja cha utafiti hapa Morogoro, hekta 3 tu, chenye vituo 300 vya mitego, mita 10 kati ya kimoja na kingine. Kila mwezi, usiku tatu mfululizo, mitego inategwa, panya wanasomwa namba, wanaachiwa. Mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, wamefanya hivyo watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, akiwemo Herwig Leirs aliyeanza kuwafuatilia panya hawa miaka ya 1980. Si kazi ya kupigiwa tarumbeta. Ni kutembea mistari ile ile, kukanyaga umande ule ule, kuandika kwenye jedwali lile lile, wakati waliokuwa wanafunzi wanakuwa maprofesa na kustaafu.

Walichokipata kinaeleweka na mtu yeyote aliyelima. Uzazi wa panya shamba unafuata mvua. Mwaka wa kawaida wanaanza kuzaana masika yanapokolea na majani mabichi na mbegu za nyasi kujaa, wanaendelea hadi kiangazi, idadi inafika kilele karibu na mwisho wa mwaka, kisha wanapukutika, kwa kuwa panya shamba wengi hawafikishi hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mkulima anapopanda mahindi ya masika, kwa kawaida waliobaki ni wachache. Mambo yanaharibika vuli inaponyesha kwa wingi. Majani yanachipua miezi mitatu kabla ya wakati, watoto wa mwaka jana wanakomaa mapema, kizazi cha ziada kinaingia katikati, na Machi unapopanda unawapandia umati. Uchunguzi ule ule umeonyesha kwamba wakishajazana sana, wanabanana wenyewe, vijana wao wanachelewa kukomaa. Ndiyo maana mlipuko haudumu milele. Lakini mahindi hayangoji. Uharibifu mkubwa unafanyika ndani ya wiki mbili za kwanza: mbegu inafukuliwa kabla ya kuota au mche unakatwa ukiwa na majani mawili.

Maana yake ni kwamba mtu mwenye kipimo cha mvua na kumbukumbu hizo anaweza kusema Januari kama Machi patakuwa na balaa. Leirs na wenzake walilichapisha hilo katikati ya miaka ya 1990. Nilimuuliza Dokta kwa nini basi mama yangu hakuwahi kusikia. Alikuwa anafuta mtego kwa nyasi, hakuacha. "Januari panya hawaonekani," alisema. "Nani atanunua sumu ya mnyama asiyemwona?"

Nililibeba jibu hilo hadi kwa panya buku, mchana wa siku ile ile.

Shirika la APOPO linalowafundisha, lililobuniwa na Mbelgiji Bart Weetjens miaka ya 1990, liliweka makao yake SUA mwaka 2000, na bado lina uwanja mkubwa wa mafunzo ndani ya ardhi ya chuo. Panya buku ni mnyama mwingine kabisa: anafika kilo moja na zaidi, mashavu yake ni mifuko ya kubebea chakula, na anaweza kuishi miaka minane. Anazoeshwa watu tangu mchanga, kisha anafundishwa kwamba mlio wa kidude fulani maana yake ni ndizi. Kutoka hapo anafundishwa harufu ya TNT, baruti ya mabomu ya ardhini. Anafungwa kamba nyepesi inayonyooshwa kati ya wakufunzi wawili, anatembea kwenda na kurudi akinusa, na akikuta harufu anakwaruza ardhi. Bomu halimlipukii kwa sababu hana uzito wa kulilipua. Kazi hufanywa alfajiri, kwani naye jua linamsumbua, na nilimwona mkufunzi akimpaka mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa. Sijawahi kuona panya akihudumiwa hivyo, na nimeishi nyumba nyingi.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Panya hawa walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Cambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la hisani la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikufa Januari 2022, na magazeti ya dunia yaliandika tanzia. Wapo pia wanaonusa kifua kikuu. Sampuli za makohozi ambazo kliniki zimekwisha kuzipima huletwa, zinauliwa vijidudu kwa joto, zinapangwa chini ya matundu kwenye sakafu ya kizimba, na panya anapita juu yake. Akisimama juu ya tundu, sampuli ile inarudi maabara kuthibitishwa. Anapitia sampuli 100 kwa dakika 20. Mtaalamu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Wagonjwa wengi walioambiwa hawana ugonjwa wamepatikana kwa njia hiyo na kuanza dawa.

Ila nilipotoka pale, kundi la wageni likipiga picha mlangoni, niliwaza juu ya mgawanyo wa macho ya dunia. Panya mmoja ana medali, ana jina, ana watu wanaomchangia chakula kwa mwezi kutoka mabara mengine. Mwingine anakula mahindi ya nchi nzima, na habari zake zimo kwenye majarida ambayo bwana shamba wa kata hawezi kuyafungua bila kulipia. Sababu haiko kwa watafiti. Bomu likitolewa ardhini, unalipiga picha. Mahindi ambayo hayakuliwa huwezi kuyapiga picha. Ni mahindi tu.

Siku iliyofuata nilipanda basi la chuo pamoja na wanafunzi na Dokta, tukashika barabara ya Mkuyuni kuzunguka mashariki ya Uluguru. Barabara ni mbovu na nzuri kwa wakati mmoja: mashimo ya kuvunja mgongo, na pembeni minazi, mafenesi, migomba, karafuu, vijito vinavyokatiza kila kona. Maji hayo ndiyo yanayoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar es Salaam. Juu kabisa, msitu wa hifadhi ya asili, iliyotangazwa mwaka 2008, ulikuwa umejifunika ukungu. Wanafunzi walikuwa wanaimba nyimbo za bongo fleva na kubishana kuhusu alama za mtihani.

Kijiji tulichokwenda kiko kabla ya Matombo, na Matombo kwa mtu wa kilimo si jina la kupita hivi hivi. Serikali ya kikoloni, baada ya vita vya pili vya dunia, iliona mmomonyoko wa Uluguru ukijaza mito tope, ikaamuru wananchi wachimbe matuta ya ngazi milimani. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni mwembamba. Kuchimba ngazi ni kuufukia na kuibua udongo mfu, na Waluguru, hasa wanawake waliokuwa wakishika majembe, waliliona hilo kwenye mavuno. Amri ikaendelea. Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, polisi wakaitwa, mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Mradi ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikapata wanachama ambao isingewapata kwa hotuba.

Kwenye ofisi ya kijiji tulimkuta mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati ule. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi. Alipojua ni Kilosa alilegea kidogo. Mkaguru ni mtani wake. Kisha akamgeukia Dokta. "Na nyinyi leo mmeleta matuta gani?" Watu wakacheka, Dokta naye akacheka, lakini nilimwona akikunja karatasi ya hotuba aliyokuwa ameiandaa na kuirudisha mfukoni.

Badala ya kuhutubia aliomba kuona mashamba. Tulitembea. Hali ilikuwa kama alivyotabiri kutokana na vuli: kwenye shamba la mama mmoja, mistari mizima ilikuwa mashimo matupu, kila shimo limefukuliwa pale pale mbegu ilipowekwa, maganda yameachwa juu. Yule binti wa Singida alipiga magoti akahesabu hatua kwa hatua, akaandika. Mama alikuwa amekwisha kurudishia mara moja na alikuwa ananunua mbegu dukani, si ya kuhifadhi. Sumu alikuwa ametega baada ya kuona mashimo. Dokta alimwambia, kwa upole, kwamba sumu wakati huo inamuua panya aliyeshiba na wa jirani anahamia, kwa sababu shamba la pili limeachwa pori hadi kwenye mpaka. Akazungumza mambo ya kawaida kabisa: kusafisha kingo za mashamba, kupanda kwa pamoja wiki moja badala ya kila mtu kwa siku yake, kulima kwa kina pale trekta linapofika, maana utafiti wa chuo umeona mashamba yaliyopigwa trekta yana panya wachache kuliko yaliyofyekwa na kuchomwa. Trekta hapo, kwenye mteremko ule, lilizua kicheko kingine.

"Na hiyo dawa ya kutega mapema," mama akauliza, "mapema ndiyo lini?"

"Mwisho wa Desemba, Januari."

"Januari nina ada za watoto, mwanangu. Na panya simwoni."

Kimya hakikudumu. Yule mzee ndiye aliyelitoa wazo, na alilitoa kama mtu anayelalamika. Kwa nini chuo kihesabu panya wake kule Morogoro, kisha kije kuwasimulia? Wawape mitego. Desemba watege wenyewe, kwenye mashamba yao, vijana wa shule ya sekondari waandike. Wakiwaona kwa macho yao kwamba wamezidi, hakuna atakayehitaji kushawishiwa. Wasipozidi, hela ya sumu ibaki mfukoni.

Dokta alisema hilo linawezekana, ila chambo ni gharama. "Karanga tunazo," mama akajibu haraka. Mitego basi, akasema Dokta, chuo kinaweza kuazimisha 30 ya kuanzia, kwa sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, na ukipotea mmoja kijiji kinalipa. Mwenyekiti akataka kujua mmoja ni shilingi ngapi. Alipotajiwa alipiga mluzi, akasema kwa bei hiyo angemfuga panya mwenyewe. Mjumbe mmoja akapendekeza fundi wa bati wa Mkuyuni atengeneze ya kienyeji. Wanafunzi wawili wakaanza kumchorea mlango unavyojifunga, mwingine akipinga kwamba bati la kawaida litakuwa zito mno kwa kibao kile. Basi letu lilipopiga honi saa kumi na moja, bei ilikuwa bado haijakubaliwa, na fundi alikuwa amekwisha kupigiwa simu.